Kalamu ya Sheria House na Kodi ya Chumba cha Kawangware

Wakazi wa mitaa ya Kibera na Kawangware jijini Nairobi wanaijua sheria kwa sura ya anayeitekeleza. Ni kanjo, yaani askari wa jiji, anayenyakua karai la mandazi pale Stage 46, ni dalali anayefika alfajiri na vijana wa kubomoa, ni hakimu wa Kibera Law Courts anayetoza faini. Mbunge wanamjua pia, maana kila baada ya miaka 5 huja kuomba kura. Ofisi isiyotajwa jukwaani ni ile ya Sheria House, Harambee Avenue, ambako waandishi wa sheria walio chini ya Mwanasheria Mkuu hugeuza matakwa ya serikali kuwa vifungu. Hawachaguliwi na wananchi, na hawapigi kura bungeni. Hata hivyo, kiasi cha fedha kinachotiwa katika kifungu, idadi ya siku za ilani, nani aitwe mpangaji na nani aitwe mvamizi, yote hayo hupita mikononi mwao kabla mbunge hajayaona. Kwa mtu anayelala kwenye chumba cha futi 10 kwa 10, vitu hivyo vidogo ndivyo sheria yenyewe, na mwenye chumba huitwa kuvitolea maoni wakati vimekwisha kuamuliwa.

Ni vyema kuieleza kazi yenyewe kwanza, kwa sababu ofisi hii hulaumiwa kwa yasiyo yake na kusamehewa yaliyo yake. Sheria ya Ofisi ya Mwanasheria Mkuu ya 2012 inaipa jukumu la kuandika mapendekezo ya sheria ya serikali na kuishauri serikali kuhusu mambo ya sheria. Wizara inayotaka sheria mpya hutayarisha sera, hutafuta idhini ya Baraza la Mawaziri, kisha hutuma maelekezo ya uandishi. Mwandishi akiyapokea huanza kuuliza. Sheria gani iliyopo inagongana na hii? Katiba inaruhusu? Nani atatekeleza, kwa fedha zipi, na asipotekeleza itakuwaje? Mgogoro utasikilizwa wapi? Rasimu huenda na kurudi baina ya wizara na Sheria House hadi ichapishwe kuwa mswada. Hapo ndipo safari inayoonekana huanza: kusomwa mara ya kwanza, kamati, umma kuitwa kutoa maoni, kusomwa mara ya pili na ya tatu, Seneti ikiwa kaunti zinahusika, kisha Rais, ambaye ana siku 14 za kutia sahihi au kuurudisha. Sheria huchapishwa katika Gazeti Rasmi ndani ya siku 7 na kuanza kutumika siku ya 14 baada ya kuchapishwa, isipokuwa yenyewe iseme vingine.

Kalamu nyingine zipo. Mswada wa mbunge binafsi huandikwa kwa msaada wa mawakili wa Bunge lenyewe. Tume ya Kurekebisha Sheria, iliyoanzishwa 1982 na kuwekewa sheria mpya 2013, hupitia sheria zilizochakaa na kuzisaidia kaunti. Tangu sheria ya wakili wa kaunti ya 2020, kaunti nazo zinatakiwa kuwa na wakili wao wa kuandika na kurekebisha sheria zao. Kwa hiyo mtu wa Gatwekera, Kibera, akiumizwa na kifungu, si rahisi ajue ni kalamu ipi iliyokiandika, sembuse amjue wa kumuuliza.

Chukua kodi ya nyumba, jambo linalomgusa karibu kila mtu wa mitaa hii miwili kila mwisho wa mwezi. Sheria ya Kudhibiti Kodi ya Nyumba, Sura ya 296, ina mizizi ya 1959. Inamkinga mpangaji asipandishiwe kodi ovyo na asitolewe nyumbani bila amri ya jopo la kodi. Lakini kinga hiyo ina mpaka. Inahusu nyumba ambayo kodi yake ya kisheria haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na msingi wa kuikokotoa ni kodi iliyokuwa ikitozwa tarehe 1 Januari 1981. Mwaka ule dola moja ya Marekani ilikuwa kama shilingi 9. Shilingi 2,500 zilikuwa zaidi ya dola 270, fedha za nyumba ya heshima katika mtaa wa heshima, na mpaka huo ulimwacha nje tajiri aliyeweza kujitetea mwenyewe. Leo fedha hizo hazifiki dola 20.

Tazama mpaka huo unavyoanguka sasa. Kawangware imejaa majengo ya mawe ya ghorofa, vyumba vimepangana ukumbi kwa ukumbi, na kodi ya chumba cha mawe ilishaipita 2,500 siku nyingi. Mpangaji wa hapo, mwashi au mfanyakazi wa nyumbani anayekwenda kibarua Lavington kwa miguu, kwa macho ya sheria hii amekuwa tajiri asiyehitaji kukingwa. Landilodi akimng'olea mlango kwa deni la wiki 2, kifungu kilichoandikwa kumlinda mtu kama yeye kimemwacha nje. Kibera bado kuna vyumba vya mabati na udongo vya kodi iliyo chini ya kiasi hicho, kwa hiyo sheria inamfikia mpangaji wake, lakini inamfikia mahali ambapo hakuna mkataba wa maandishi, hakuna risiti, na anayepokea kodi hana hati ya ardhi aliyojenga. Mmoja ana karatasi na hana sheria, mwingine ana sheria na hana karatasi.

Hili nalihesabu kuwa kosa la uandishi hasa, kwa kuwa ufundi wa kulizuia upo na kila mwandishi wa sheria anaujua. Kiasi cha fedha kikiandikwa ndani ya kifungu kikuu, hakibadiliki mpaka Bunge litunge sheria nyingine. Kikiwekwa kwenye jedwali, waziri anaweza kukirekebisha kwa tangazo la Gazeti Rasmi, na Bunge likabaki na uwezo wa kukikataa. Sheria ya Hati za Kisheria ya 2013 hata imeweka utaratibu mzuri kwa kanuni za mawaziri: lazima zifikishwe bungeni ndani ya siku 7 za vikao, la sivyo zinabatilika, na baada ya miaka 10 zinakufa zenyewe zisipohuishwa. Sheria kuu hazina saa kama hiyo. Mswada wa Mwenye Nyumba na Mpangaji wa 2021 ulikusudia kuziunganisha sheria 3 za kodi, ikiwemo hiyo ya 296 na ile ya kukamata mali ya mpangaji kwa deni la kodi, lakini haukufika kuwa sheria. Shilingi 2,500 zikabaki zilipo.

Tofauti ya mitaa hii ina historia, na historia hiyo yenyewe ni ya maandishi. Kawangware iko Dagoretti, ardhi iliyokuwa nje ya mipaka ya jiji hadi upanuzi wa 1963. Mashamba ya familia za Wakikuyu yalipimwa na kupewa hati, kwa hiyo leo ploti nyingi za Kawangware zina mwenyewe mwenye hatimiliki anayeweza kukopa benki na kujenga ghorofa. Kibera ilianza kwa wanajeshi Wanubi wa jeshi la Mwingereza. Walipewa kukaa hapo mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1918 eneo la takriban ekari 4,197 likatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya kijeshi. Kutangazwa hakukuwapa umiliki. Serikali ya kikoloni iliwaona kuwa wakaaji kwa hisani, na baada ya uhuru ardhi ikawa ya serikali, ikimegwa kidogo kidogo kwa mitaa mingine. Hati ya ekari 288 kwa jamii ya Wanubi ilitolewa Juni 2017, chini ya Rais Uhuru Kenyatta, miaka 99 baada ya tangazo la 1918. Vizazi vitatu au vinne vilizaliwa na kuzikwa katika nchi ambayo maandishi yake hayakusema wao ni nani juu ya udongo huo.

Na waliokuja baadaye, wale waliokodisha vyumba Lindi, Laini Saba au Soweto, hawamo hata katika hati hiyo. Sensa ya 2019 iliihesabu kaunti ndogo ya Kibra kuwa na watu kama 185,000. Wengi wao ni wapangaji. Kwa muda mrefu sheria ya Kenya haikusema chochote mahususi kuhusu namna ya kuwaondoa watu kama hawa, na ukimya huo uliwaumiza wengi sana. Novemba 2011 kijiji cha Mitumba, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, si mbali na Kibera, kilibomolewa ingawa kesi ilikuwa mahakamani na amri ya kuzuia ilikuwa imetolewa. Ilani iliyotangulia ilikuwa ya siku 7. Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliwapa wakazi haki mwaka 2013. Mwaka huohuo, katika kesi ya wapangaji wa mtaa wa Muthurwa, Nairobi, Jaji Isaac Lenaola alimtaka Mwanasheria Mkuu aieleze mahakama, ndani ya siku 90, serikali ina sera na sheria gani kuhusu kufurusha watu. Mahakama ilikuwa inaigongea mlango ofisi yenye kalamu na kuiuliza ilikokuwa.

Jibu lilikuja 2016, pale Sheria ya Ardhi ilipoongezewa vifungu vya 152A na vinavyofuata. Kwa maandishi, ni vifungu vizuri. Ilani sasa ni miezi 3 isiyopungua. Maafisa lazima wajitambulishe na waonyeshe idhini. Utu, uhai na usalama wa wanaoondolewa uheshimiwe, watoto, wazee na walemavu wawekewe ulinzi maalumu, na wenye nyumba wapewe nafasi ya kwanza ya kubomoa wenyewe ili waokoe mabati na mbao zao. Aliyeandika sharti hilo la mwisho alijua kitu kuhusu maisha ya mabanda. Bati moja lililookolewa ni nusu ya ukuta kesho.

Lakini Julai 2018 tingatinga ziliingia Kibera kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Maelfu walibaki bila makao, shule zikaanguka, na vifungu vya 2016 vilikuwa na umri wa miaka 2 tu. Mtu atasema hapo kosa ni la watekelezaji. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Bado namuuliza mwandishi: afisa gani, kwa cheo chake, atajibu ilani isipotolewa? Atalipa nini? Aliyebomolewa ataomba fidia kwa nani, na kwa muda gani? Wajibu usio na jina la anayewajibika husomeka vizuri katika kitabu, na hapo ndipo unapoishia.

Kisha Januari 2021 Mahakama ya Juu ikaamua kesi ya Mitumba, iliyojulikana kama Mitu-Bell. Ilisema kwamba wasio na ardhi wanapoishi kwenye ardhi ya umma na kujenga makao hapo, hawapati hatimiliki, lakini wanapata haki ya makao inayostahili kulindwa. Miongozo ya Umoja wa Mataifa, ikasema, inaweza kutumika kuziba pengo pale ambapo sheria ya nchi haikusema namna ya kuwaondoa watu. Sasa linganisha na maandishi ya 2016, yanayoanza kwa kumwita mtu huyo mkaaji haramu kisha ndiyo yanaeleza adabu za kumwondoa. Mahakama ya juu kabisa imemwona ana haki, sheria inamwona ana kosa. Kuyapatanisha maneno hayo mawili ni kazi ya Sheria House na ya Tume ya Kurekebisha Sheria, na haihitaji fedha za wafadhili wala ramani mpya ya jiji.

Kibera imewahi pia kuipeleka kalamu ya serikali mahakamani, na kisa hicho kinafaa kufundishwa shuleni. Mwaka 2018 Bunge lilipitisha sheria ya marekebisho mbalimbali, aina ya sheria ambayo kwa desturi ni ya kusahihisha mambo madogo katika sheria nyingi kwa mpigo: tarakimu iliyokosewa, jina la wizara lililobadilika. Ndani yake, katika marekebisho ya sheria ya usajili wa watu, kuliwekwa msingi wa mfumo mzima wa Huduma Namba, yaani namba moja ya kumtambulisha kila mtu, pamoja na uwezo wa kukusanya vinasaba vya DNA na mahali hasa pa makazi ya mtu kwa vipimo vya setelaiti. Kwa Wanubi jambo hili lilikuwa zito kuliko kwa Mkenya wa kawaida. Kijana Mnubi alikuwa amezoea kufika mbele ya kamati ya kuhojiwa uraia wake kabla ya kupewa kitambulisho, jambo ambalo vijana wa makabila mengi hawakulijua. Kamati ya Umoja wa Afrika ya haki za watoto iliikosoa Kenya mwaka 2011 kwa namna ilivyowatendea watoto wa Kinubi kuhusu uraia. Sasa mfumo mpya ulitaka karatasi ambazo wengine walikuwa wamenyimwa kwa muda wote huo.

Nubian Rights Forum, shirika lenye mizizi Kibera, likaenda mahakamani pamoja na wengine. Tarehe 30 Januari 2020 majaji Mumbi Ngugi, Pauline Nyamweya na Weldon Korir hawakuufuta mchakato wa kutunga sheria yenyewe, lakini walikata DNA na vipimo vya makazi, na wakasema mfumo hauwezi kuendelea bila kanuni kamili za kuusimamia. Kesi ilipokuwa ikiendelea, Sheria ya Kulinda Data ilitiwa sahihi Novemba 2019. Miaka karibu 2 baadaye Jaji Jairus Ngaah alibatilisha uzinduzi wa kadi za Huduma Namba kwa kuwa athari zake kwa data za watu hazikutathminiwa kwanza, kama sheria hiyo inavyotaka. Fedha nyingi za umma zilikuwa zimeshatumika. Laiti mwandishi aliyepewa maelekezo yale angeyarudisha wizarani na swali moja tu, kwamba jambo zito hivi linastahili mswada wake wenyewe, nchi ingeepuka sehemu kubwa ya mvutano ule. Uwezo wa kurudisha maelekezo ndio uwezo mkubwa kuliko wote alio nao mwandishi wa sheria, na huonekana pale tu unapokosekana.

Ushuru wa nyumba una somo la namna nyingine. Novemba 2023 Mahakama Kuu iliuharamisha ushuru wa asilimia 1.5 uliowekwa na Sheria ya Fedha ya mwaka huo, kwa sababu 2 zinazofaa kukumbukwa: haukuwa na msingi kamili wa kisheria, na uliwabagua wenye mishahara kwa kuwatoza wao huku ukiwaacha wanaojitafutia. Waandishi wakarudi mezani, na Machi 2024 Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ikatiwa sahihi. Pengo la ubaguzi walilizibaje? Walipanua wavu. Sasa asilimia 1.5 inaangukia pia kipato ghafi cha asiye na mshahara. Kwa herufi ya sheria, mama mboga wa Gatina, Kawangware, anadaiwa, na anadaiwa kutokana na kipato ghafi, yaani kabla hajatoa bei ya sukuma aliyonunua sokoni wala ya boda boda iliyoibeba. Mahakama ilipata ilichodai, na mzigo ukamshukia mtu ambaye hakuwamo katika kesi.

Sheria hiyohiyo inasema nyumba za kijamii ni za wenye kipato kilicho chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Nia ni njema, na Soweto East ya Kibera ni miongoni mwa mahali ambapo nyumba hizi zinajengwa. Ila kipato cha mtu wa kibarua hakina mwezi. Wiki hii ana mjengo, wiki ijayo hana. Mwandishi aliyezoea hati ya malipo ya mshahara huandika kipato cha mwezi bila kufikiri mara mbili, na mtu asiye na hati hiyo hulazimika kuthibitisha umaskini wake mbele ya afisa. Soweto East ilishaonja hili. Mradi wa kwanza wa kuboresha makazi, ulioanza na makubaliano ya serikali na UN-Habitat mwaka 2003, uliwahamishia wakazi kwenye majengo ya muda ya Lang'ata mwaka 2009, na nyumba 822 zilipokabidhiwa 2016, swali la nani hasa anastahili lilikuwa gumu kuliko saruji.

Sheria ya vileo ya 2010, maarufu kwa jina la John Mututho, mbunge wa Naivasha wa wakati huo, nitaitaja kwa ufupi kwa kuwa ina kasoro ileile. Iliondoa marufuku ya chang'aa na kuiruhusu iuzwe kwenye chupa za glasi kwa leseni na viwango. Mama pima, muuza chang'aa wa Kibera, hakuwa na chupa, mtambo wala mtaji wa leseni. Aliendelea kukamatwa kama zamani, kwa kosa lenye jina jipya.

Sasa nije kwenye ushiriki wa umma, kwa sababu kila anayetetea mfumo huu hukimbilia hapo. Kifungu cha 118 cha Katiba kinalitaka Bunge kuwashirikisha wananchi, na hutimizwa kwa tangazo la gazetini, siku chache za kutuma memoranda, na vikao vya kamati. Yote hayo huja baada ya mswada kuchapishwa. Wakati huo muundo umekamilika: nani amepewa mamlaka, nani anatozwa, tafsiri za maneno, adhabu. Mwananchi anaweza kusema ndiyo, hapana, au punguza. Juni 2024 vijana walisema hapana, wengine wao wakitoka mitaa hii kwa miguu hadi katikati ya jiji, na tarehe 26 Juni Rais William Ruto akauondoa Mswada wa Fedha. Baadhi walilipa kwa maisha yao. Nchi isingepaswa kufikia hapo ili kifungu cha kodi kisikilizwe. Na kuhusu Sheria ya Fedha ya 2023, Mahakama ya Rufaa iliifuta Julai 2024, Mahakama ya Juu ikairejesha Oktoba, ikisema si kila badiliko linalotokana na maoni ya umma linahitaji duru mpya ya maoni. Kisheria hoja hiyo inaeleweka. Kwa mkazi wa Kabiro, Kawangware, inamaanisha kwamba nafasi yake ni moja, nayo huja mswada ukiwa umekwisha kuandikwa.

Hata nafasi hiyo moja huzibwa na mtindo wa uandishi. Mswada wa marekebisho husema: kifungu fulani cha sheria fulani kirekebishwe kwa kufuta maneno haya katika aya ndogo ile na kuweka haya. Kuusoma bila sheria ya zamani pembeni ni kama kusikiliza mtu akiongea kwenye simu bila kumsikia wa upande wa pili. Vijana wa 2024 walifanya kazi ambayo ofisi ya serikali ilipaswa kufanya: walikaa na sheria mbili, wakazilinganisha, wakaeleza kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha za nyumbani kupitia simu zao, kifungu hiki kitapandisha bei ya nini. Kila mswada wa Kenya huwa na maelezo ya madhumuni na sababu mwishoni. Hakuna kinachozuia maelezo hayo yaandikwe kwa Kiswahili pia, na kuambatanishwa na ukurasa unaoonyesha sheria ya sasa na itakavyosomeka baadaye. Katiba imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Jirani zetu Tanzania walibadilisha sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, na Aprili 2025 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua Dodoma toleo lililorekebishwa la sheria za nchi. Kazi kubwa ya kutafsiri iliwaangukia waandishi wa sheria wa serikali, na walio Nairobi hawana upungufu wa akili wala wa lugha.

Lakini lugha nyepesi kwenye mswada uliokwisha kukomaa haitoshi. Mahali pa kuingilia ni mapema zaidi, kwenye maelekezo ya uandishi, barua ambayo wizara huiandikia Sheria House na ambayo mwananchi haioni. Mukuru, mtaa mwingine wa mabanda wa Nairobi, imeonyesha kwamba inawezekana. Kaunti ya Nairobi ilipolitangaza eneo hilo kuwa la mipango maalumu mwaka 2017, vikundi vya wakazi vilihesabu nyumba, vikapima njia, vikajadili maji na vyoo mtaa kwa mtaa, na wataalamu wakaandika wakiwa na majibu hayo mkononi. Kibera na Kawangware zina vyama vya akiba, vikundi vya wapangaji, misikiti, makanisa na wazee wa mtaa wanaoweza kuifanya kazi hiyohiyo kwa ajili ya sheria.

Mswada wa mwenye nyumba na mpangaji utakaporudi, kuna maswali ambayo hakuna wakili wa Upper Hill anayeweza kuyajibu akiwa ofisini. Kibera, ambako aliyejenga hana ardhi na mwenye ardhi ni serikali, nani ataitwa mwenye nyumba mbele ya jopo la kodi, na je, mtu asiye na hatimiliki anaweza kushtakiwa kwa kumng'olea mpangaji bati? Kawangware, ambako landilodi anaishi Kiambu na anayekusanya fedha ni keateka, ilani ya mpangaji itapelekwa kwa nani? Ujumbe wa M-Pesa utakubaliwa kuwa risiti? Kiwango cha kodi kitakachochukua mahali pa 2,500 kitawekwa kwenye jedwali, na kitapitiwa kila baada ya miaka mingapi? Mpangaji wa Lindi na mwenye ploti wa Gatina watabishana juu ya kila moja ya maswali hayo, tena kwa sauti, na mabishano yao yaandikwe katika barua ya wizara kabla mwandishi hajaanza kifungu cha kwanza.